Koti la Kulindia Mahindi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mahindi yanapoanza kukauka shambani, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, shule zimefungwa mwezi wa Agosti, na baba alikuwa amenituma Buyangu kwa dada yake, ambaye sisi tulimwita Senje. Shamba lake lilipakana na msitu. Senje alikuwa mjane, na mwaka uliotangulia nyani walikuwa wamemmalizia mahindi, watoto wake watatu wakala kwa kubahatisha hadi mavuno mengine. Kwa hiyo sikwenda kutembea. Nilikwenda kulinda.

Kazi hiyo niliichukulia kuwa nyepesi. Nilikuwa nimezoea kuchunga ng'ombe wa baba, na kuchunga ni kwenda pamoja na unachokichunga: ng'ombe akihama, nawe unahama, akilala, hata wewe waweza kusinzia kidogo. Kulinda ni kazi nyingine. Mahindi hayasogei. Anayesogea ni adui, naye hakwambii atatokea wapi.

Asubuhi ya kwanza Senje alinipa koti na kofia ya marehemu mumewe. Huko kandokando ya msitu kila mtu anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Akiona gauni, anaendelea kula huku anakutazama. Basi wanawake walivaa makoti ya waume zao, wakatembea kwa hatua ndefu, na nyani wakakaa mbali. Koti lile lilinifika magotini, likinuka moshi na tumbaku. Senje alinifunga vifungo mwenyewe, polepole, kama anayemvisha mtoto, kisha akaenda sokoni kuuza mboga.

Sasa sikiliza kosa langu. Msitu ulikuwa upande wa chini wa shamba, na upande wa juu palikuwa na barabara ambayo vijana walipitia wakienda kucheza mpira. Mmoja wao akasimama, akavua kofia yake kwa adabu nyingi, akaniuliza, "Babu, wajukuu wameamkaje?"

Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwanangu, katika umri ule kicheko huuma kuliko siafu. Walipopita tu nilivua lile koti, nikalitundika kwenye kijiti katikati ya mahindi, nikaweka na kofia juu yake. Nilijiambia nyani hawatajua tofauti. Nami nikaenda kukaa kando ya barabara kwa gauni langu, nikiwangoja vijana warudi waone kwamba mimi si babu wa mtu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyani ana subira ya kutazama kuliko sisi, na koti lisilopiga hatua alilijua kuwa ni koti. Niliposikia mabua yakivunjika nilikuwa nimeshachelewa. Mistari minane ilikuwa imelala chini, na dume moja kubwa lilikuwa limeketi karibu kabisa na lile koti, likimenya hindi bila haraka. Nilipiga kelele, likanitazama, likaendelea kumenya. Hawakuondoka hadi jirani mmoja alipokuja mbio na mbwa wake.

Senje aliporudi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alitembea kati ya mabua yaliyoanguka, akiokota mahindi yaliyong'atwa upande mmoja tu, akiyaweka kwenye leso yake. Halafu akaniuliza, "Asubuhi nzima ulikuwa unalinda nini?"

Nikainama, nikaanza kuokota pamoja naye.

"Ulilinda, sikatai," akasema. "Ulilinda sura yako, vijana wasiicheke. Lakini hiyo mimi sikukupa uilinde. Nilikupa chakula cha watoto wangu."

Nilidhani atanirudisha nyumbani. Kesho yake, jua halijatoka, alinifunga tena vifungo vilevile. Vijana walipita, wakauliza habari za wajukuu. Nikawajibu kwamba wajukuu wana njaa, ndiyo maana babu yuko kazini. Wakacheka, wakaenda zao, nami nikaendelea kutembea, mpaka hadi mpaka, macho yangu msituni. Nilifanya hivyo hadi siku ya kuvuna.

Mavuno hayakutosha mwaka mzima; nisikudanganye. Lakini nilipokuwa nikifunga mizigo yangu, Senje alichagua mahindi mazuri kuliko yote, akayafunga kwa maganda yake, akanipa. Akasema niyatundike juu ya moto jikoni kwetu, moshi uyakinge na fukusi, nimletee wakati wa kupanda. "Mbegu yangu itahifadhiwa na wewe," akasema. Mimi, niliyempotezea mistari minane. Nililia njia nzima, na mbegu ile haikuharibika hata punje moja.

Tuna maneno mengi ya kazi hii, mwanangu, na yote unayatumia kila siku. Mtoto unamlea, mgonjwa unamuuguza. Jirani anakuomba umwangalizie sufuria. Afya unaitunza, siri unaihifadhi, ulimi unauchunga, na shamba lililo kando ya msitu unalilinda. Kila neno lina jasho lake, lakini yote yanataka jambo moja: uwepo, macho na moyo pamoja. Siku hizi nawaona walinzi wa sare safi wameinamia simu langoni. Sare imesimama, mwenyewe hayupo. Siwacheki, nami nilikuwa vivyo hivyo.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukikabidhiwa kitu, jiulize kila asubuhi swali la Senje: ninalinda nini hapa? Ukijikuta unalinda jina lako au kiburi chako, rudi shambani mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukikosea, usikimbie, omba ulivae koti tena. Na siku kijana atakapokukosea wewe, mkaripie, kisha mpe mbegu.

Mungu ayape macho yako nguvu ya kukesha, aibariki mikono yako kwa kila utakachokabidhiwa, na unapolala wewe, asikose kukuwekea mtu aliye macho.