Matone ya Aleji ya Saa Sita

Mimi niliyewacheka wanaume wanaolilia wake zao, leo nichekeni. Bibi yangu alipoenda kwa mama yake kule Tshangalele kujifungua mtoto wetu wa kwanza, macho yakaanza kunitoka machozi kazini, kiwandani Shituru. Nikasema ni aleji ya vumbi. Nikanunua matone, nikayatia mbele ya wenzangu. Wapi! Wakanikokota hadi kwa mama muganga, nesi wa kiwanda.

“Papa, macho inakuwasha?”

“Hapana, mama.”

“Machozi inatoka saa gani?”

Kabla sijajibu, mwenzangu akapayuka: “Saa sita tu, akifungua bukari, ugali yenye anajipikiaka yeye mwenyewe!”

Mama muganga akakifunga kichupa changu cha matone. “Aleji inawashaka, papa. Bibi atarudia siku gani?”

Nikaanza kujikuna haraka, lakini machozi yalishanitangulia.