Nta ya Kupimia Midomo ya Mapipa

Jumamosi, tarehe kumi na nane Oktoba. Jua limewaka tangu asubuhi. Mawingu yamejikusanya upande wa Sikonge, lakini mpaka naandika hayajaleta hata tone.

Leo binti yangu alikuwa anayeyusha nta kwenye sufuria kuukuu. Ile harufu ilipoingia chumbani, tamu, nzito, yenye moshi kidogo ndani yake, nikaacha kukunja nguo nikakaa kitandani. Nilikuwa nimesharudi Kigwa, kijiji nilikokulia. Nilikuwa na miaka kumi, au tisa, sitaki kusema uongo. Niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa kubahatisha, basi mnivumilie ninyi mtakaosoma.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya ile njia ya zamani ya misafara, na mama alipika wanzuki, pombe ya asali, kama bibi yake alivyowapikia wapagazi waliopita hapo. Ilichachia kwenye pipa la plastiki la bluu lenye koki chini. Ukiweka sikio ubavuni mwa lile pipa ulisikia inanong'ona, kama watu wengi wanaozungumza mbali sana. Mimi niliamini ni wale wapagazi, bado wako njiani.

Mwaka huo mama mdogo alikuwa anaolewa Sikonge, kwa watu wa mizinga ya nyuki, wenye ndimi za kuijua wanzuki nzuri na mbaya. Mama aliahidi kupeleka pombe, na heshima yake yote ilikuwa ndani ya lile pipa. Mjomba Maganga, aliyefanya kazi relini, akamletea kegi ya chuma ya kiwandani, ile ya kuwekea bia.

"Kwenye madumu itafika siki, dada," alisema. "Humu itafika na povu lake."

Ila huwezi kuihamisha kwa kata, maana ikipigwa na hewa inaharibika. Lazima pipa liunganishwe na kegi kwa mpira, na midomo yao haikufanana hata kidogo. Wa koki ulikuwa mpana, una hesi nene, ile mikunjo ya kufungia. Wa kegi ulikuwa mwembamba, hesi zake laini kama nyuzi.

Sisi watu wa asali hatukuwa na vipimo vya fundi. Mama alipasha nta, akaikandamiza kwenye kila mdomo, akaiacha ipoe, kisha akaizungusha taratibu ikatoka na hesi zote zimejichora ndani. Vikombe viwili vya manjano. Akavifunga kwenye kipande cha kanga.

"Usivibane. Mpe Bwana Kanti, yule wa duka la vyuma Tabora, atajua cha kukupa."

Nilipanda treni ya Tabora na shangazi Mbuke, aliyekuwa anapeleka mikeka sokoni. Nilikaa dirishani, kifurushi mapajani, jua likiniangukia lote. Miti ya miombo ilipita, ikapita, harufu ya nta ikapanda kama vile kuna mtu ananiimbia, nikalala. Nilipoamka nikagusa kanga. Vile vikombe vilikuwa vimelegea na kushikana, kama maandazi mawili yaliyosahauliwa kwenye karai.

Shangazi alikuwa anakoroma. Nikavitenganisha. Nikaviviringisha upya kwenye shingo ya chupa ya soda, nikalainisha kwa dole gumba la kushoto, lile lenye kovu la mundu, nikachora hesi kwa ukucha. Nilipomaliza nilijiona fundi.

Duka la Bwana Kanti lilinuka chuma, grisi na ubani. Miwani yake ilikaa kwenye paji la uso.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti Nyamizi! Mama anapika tena? Mimi hata tone siweki mdomoni, lakini harusi zote za Kigwa zinapita dukani kwangu."

Akashusha makopo. Akajaribisha nipo, kile kipande kifupi cha bomba, akajaribisha soketi, kisha redyusa, kile kiungio cha kutoka mdomo mpana kwenda mwembamba. Akakiinua kikombe cha nta kwenye mwanga.

"Hesi hii haijatoka kiwanda chochote. Mama mwenyewe ndiye aliyepima?"

"Ndiyo."

"Na njiani haikuharibika?"

"Hapana."

Aliniangalia kidogo. Akachagua vilivyokaribia, akaongeza washa mbili za mpira, zile pete za kuzuia kuvuja, akafunga vyote kwenye gazeti pamoja na nta yangu. "Mwambie mama, kikikataa asikilazimishe. Akirudishe." Naandika hili kwa sababu ni haki yake: alionya. Mimi ujumbe huo sikuufikisha.

Mama alifunga, akakaza, akafungua koki. Kwanza kimya. Kisha kiungio kikatema, kikachomoka, wanzuki ikaruka mpaka ukutani. Mpaka koki ifungwe, karibu nusu ya pipa ilikuwa chini. Nyuki wakaja kunywa tope, wakawa wanatembea upande upande kama wazee wakitoka kilabuni.

"Si nilikwambia, Nyamizi?" jirani yetu Mama Shija akapaza sauti. "Yule mzee kaona mtoto, kamtupia takataka!"

Saa hiyo hiyo nyumba kama tano zilikuwa zinasema Bwana Kanti ni mwizi. Nilisimama na kuangalia miguu yangu.

Mama aliokota nta kwenye gazeti, akaigeuza, akaiangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwacheni mzee wa watu. Nilipima vibaya mimi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilimwamini! Nikasema kumbe kosa ni lake.

Kesho yake akapima upya. Safari hii aliviweka vikombe kwenye kopo la maji baridi lenye mfuniko, akanipa na chupa ya asali. "Mwambie Bwana Kanti tulikosea kupima, tunamwomba radhi." Nilidhani maji ni ya kuzuia harufu. Bwana Kanti alifungua kopo, akacheka mpaka miwani ikamwangukia puani.

Viungio vikakaa. Wanzuki ilifika Sikonge ikiwa kidogo, lakini na povu lake, na wakwe walilalamikia uchache tu.

Leo nimechukua kipande cha nta ya binti yangu nikaona mistari ya vidole vyake, wazi kama kwenye fomu ya kitambulisho. Nikaangalia dole gumba langu. Miaka yote hii.

Nikamfuata mama jikoni. Siku hizi anaishi kwetu, macho yamefifia.

"Mama, ile nta ya Bwana Kanti, niliiharibu mimi."

"Kovu lako lilikuwepo pale kama muhuri," akasema, akiendelea kuchambua karanga.

"Mbona hukunisema?"

"Si nilikutuma ukaombe radhi? Ukaenda, ukaomba."

Niliomba, ni kweli, lakini sijui kama inahesabika ukiomba bila kujua kosa ni lako. Bwana Kanti amekwisha fariki, na pale dukani sasa wanauza simu.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Mama alitaka asali kidogo pembeni. Nimemwekea mimi mwenyewe.