Nusu ya Kitabu Nilichokichana Mwenyewe

Mzee amegeukia ubao. Haoni kitabu nilichoshika. Lakini sentensi ninayosoma anaimalizia yeye, neno kwa neno.

Nywele zilinisimama, jamaa zangu. Ngoja niwape kisa chote.

Kazi yangu ni kuchana vitabu.

Yadi yetu inanunua karatasi chakavu, inapeleka kiwandani zikapondwe. Kiwanda hakitaki majalada. Kwa hiyo unang'oa jalada, kitabu kikiwa kinene unakipasua katikati kiingie vizuri kwenye mashine ya kubana, unatupa, unachukua kingine. Majina husomi. Ukianza kusoma majina, utalala njaa.

Shule niliachia kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka tu. Mwaka huu nikajiandikisha darasa la jioni nikafanye mtihani, maana hii kazi nayo imenichosha.

Mwalimu wa fasihi ni mzee mpole, suruali imepauka magotini. Siku moja akasema:

"Riwaya siwachagulii. Kila mtu alete inayomnogea mwenyewe. Ijumaa unasimama, unataja jina na mwandishi, unatusimulia. Asiyeleta, jina lake silipeleki kwenye mtihani."

Inayoninogea! Mimi, ambaye sijawahi kumaliza hata moja.

Nikaanza kujaribu pale pale kazini. Ya kwanza, kurasa kumi nzima mvua inanyesha tu. Ya pili, jamaa kakaa dirishani anawaza. Nikazirusha mashineni.

"Profesa, umepata mchumba?" Huyo ni Chuma, mwenzangu wa mashine. Mdomo wake haupumziki.

"Bado."

"Chukua nyembamba kuliko zote. Mapenzi yatakuja mbele ya safari."

Jumatano nakunywa chai, kiti kinayumba tena. Chini ya mguu wa kiti kuna nusu ya kitabu, niliisukumia hapo mwenyewe Jumatatu kiti kitulie. Nikaichomoa kwa uvivu tu.

Chai ikapoa.

Kuna fundi saa. Binti yake anataka kupanda basi, aondoke asirudi tena. Fundi anazunguka mtaa mzima, anaomba saa za watu azisafishe bure, kumbe zote anazirudisha nyuma ili binti akose basi. Mtaa unavurugika! Bwana harusi anafika, bibi harusi kashaenda zake. Nilicheka peke yangu mpaka Chuma akanisogelea kuniangalia macho.

Halafu honi ya basi inalia. Binti anatazama saa ukutani. Anamtazama baba yake. Anafungua mdomo...

Basi. Kipande changu kimeishia hapo, na ukurasa wa jina uling'oka na jalada.

"Chuma! Yale magunia ya Jumatatu, yaliyojaa kitabu kimoja kile kile, yako wapi?"

"Lori lilibeba jana."

"Majalada?"

"Tulichemshia chai. Hiyo hiyo uliyokunywa."

Ijumaa nikasimama na nusu yangu.

"Jina la riwaya?" mwalimu akauliza.

"Sijui."

Darasa likaangua kicheko.

"Mwandishi?"

"Sijui, mwalimu. Ila inanoga, haki ya nani."

"Bila jina siwezi kukuandika, kijana."

"Niruhusu nisome ukurasa mmoja tu. Mmoja."

Akageuka kufuta ubao. Nikasoma: "Saa zote mtaani zilikuwa zinadanganya..."

"...na baba peke yake ndiye aliyejua ni saa ngapi."

Mkono wa mwalimu ulibaki juu ya ubao. Kicheko kikakatika.

"Umeitoa wapi?"

"Yadini, mwalimu. Nachana pale."

"Zilikuwa nyingi?"

"Magunia kumi na moja."

Akakaa. Taratibu, kama mtu anayeogopa kiti.

"Mchapishaji aliniambia ziko stoo," akasema. "Miaka sita ananiambia ziko stoo, zinangoja wanunuzi."

Ndipo ikaniingia. Nikatamani sakafu inimeze.

"Na... nakala yako je, mwalimu?"

"Binti yangu aliondoka nayo."

Nilitakiwa ninyamaze. Lakini mimi mdomo wangu haujui breki.

"Mwalimu, inaishaje?"

Nadhani alitabasamu kidogo.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

"Inaishaje?"

"Anaondoka."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Nusu yangu hakuigusa.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Orodha ya majina ya mtihani ilikuwa ndani ya ule mkoba, na siku ya mwisho ya kuipeleka ikapita hivi hivi. Darasa zima hatukusajiliwa. Wenzangu wananilaumu mimi hadi leo, na sina la kujitetea.

Funzo? Kitu unachokiharibu bila kukiangalia, kuna mtu mahali anaamini bado kipo.

Nipo yadini bado. Siku hizi kila kitabu nasoma jina kwanza, na jina la mwandishi.

Halafu nakichana.