Matundu Yaliyohama

Dar hii, ukialikwa wali ukakuta umeungua, utakula na utausifu. Ndiyo heshima. Raudha Marijani amelelewa Kiwalani katika heshima hiyo hiyo, wala hakuwahi kuiona ina ubaya, mpaka juma lile ilipoanza kumnyima usingizi.

Kazi yake ni kuchora vifaa kwa kompyuta. Akimaliza mchoro, printa iliyoko sebuleni kwa mama yake inakijenga kifaa kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Programu anayochorea ni ya bure. Imetengenezwa na watu wa kujitolea wa kila pembe ya dunia, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua ndani akarekebisha. Lakini ilikuwa na adha moja. Ukishachora kifaa kizima, halafu ukarudi kubadili kipimo cha mwanzo, matundu ya skrubu yalihama. Programu ilisahau tundu lilikuwa upande gani, ikalitupa kokote. Wachoraji walilaani, wakachora upya. Raudha ni mbishi. Yeye alikaa na ubovu ule masika nzima mpaka akauandikia dawa. Wasimamizi wa programu wakaipenda. Ijumaa ingeingizwa kwenye toleo jipya, litumiwe na maelfu ya watu wanaochora vifaa vya maabara na kuvigawa bure.

Sharti lilikuwa ijaribiwe kwenye kifaa cha kweli. Basi akachukua mchoro wa hadubini, akaupanua upate nafasi ya betri, akaichapa, akaipeleka kwenye zahanati moja ya Ukonga kwa Mama Demetria, mtaalamu wa maabara, ambaye umeme ukikatika hadubini yake ya zamani hugeuka pambo. Kila alipompigia simu, jibu lilikuwa lile lile: "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki." Naye akawaandikia wasimamizi kwamba hakuna lalamiko.

Hakuna hata moja! Hilo ndilo lililomtia hofu. Tangu aanze kazi hii hajawahi kutoa kitu kisicho na kasoro. Jioni akaisukuma sahani kando.

"Wewe ukisifiwa unaumwa?" mama yake, Bi Mwamvita, alimchokoza. "Wenzio wakisifiwa wananunua soda."

"Mie naogopa, mama. Sijakiona kwa macho yangu."

"Si uende!"

Alhamisi asubuhi akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kaa, nikuletee chai."

Hadubini ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Raudha aliomba kuiona, akaambiwa chai kwanza. Akaomba tena, akaulizwa habari za nyumbani. Akafanya jambo ambalo Bi Mwamvita angemfinya kwalo: akainuka, akafunua mwenyewe.

Chini ya kibao cha kuwekea slaidi kulikuwa kumebanwa kipande cha kandambili. Akakivuta, na kibao kikainama. Tundu moja la skrubu lilikuwa limehama, upana wa punje ya mchele tu. Zamani tundu lilitupwa mbali na kila mchoraji akaliona. Dawa yake ililisogeza kidogo, kimya kimya, pasipo mtu kushtuka.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza." Mama Demetria alikwepa macho yake. "Sikutaka kukuvunja moyo. Binti umehangaika, umeleta kitu bure, halafu mimi nianze kukukosoa?"

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Rahisi kwao, wahenga hawakuwahi kuletewa hadubini ya bure na binti wa watu.

Raudha alitoa simu akawaandikia wasimamizi: Msiingize kazi yangu kesho. Ina kosa, na majaribio niliyowaambia hayakuwa majaribio. Alituma haraka kabla aibu haijamshika mkono. Masika nzima ikaenda na maji. Hata hivyo alipumua, maana kosa lake halitafika mbali. Kisha akakitazama tena kile kibao kilichoinama, na hofu nyingine ikamwingia, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Kikikaa hivi, malaria unaionaje?"

"Upande mmoja unakuwa na ukungu. Nikiwa na mashaka nasubiri umeme, narudia kwa ile ya zamani."

"Na wale ambao hukuwa na mashaka nao?"

Mama Demetria alikwenda kabatini, akatoa kisanduku cha slaidi alizosoma umeme ulipokatika, akawasha hadubini ya zamani. "Hawa niliwaambia hawana malaria," alisema.

Slaidi ya kwanza ilikuwa safi. Iliyofuata pia. Raudha alianza kuomba dua kimoyomoyo. Kwenye nyingine mama yule alikawia, akazungusha kirungu cha kurekebishia lenzi, akarudia pale pale.

"Ni mtoto wa Hamisa, huyu," Mama Demetria alisema hatimaye. "Nyumba ya bati la buluu, hapo nyuma. Bado ananyonya." Alikuwa tayari anatafuta dawa rafuni. "Kimbia ukamlete. Na usisimame kumsalimu mtu njiani."