Jina Linalojulikana Soko Zima

Mwanangu, weka hiyo simu kando kidogo unisikilize, maana haya nitakayokueleza yalianzia kwenye simu.

Nakumbuka nilikuwa nimeolewa karibuni, naishi Bonga. Siku hiyo nilipanda bajaji kwenda Nangara kumsalimia mama. Nikamkuta njiani anaelekea kwa wakala wa pesa, karibu anakimbia, kitenge kinaburuta, simu sikioni.

"Shikamoo mama."

"Kaka yako amegongwa na gari Arusha! Daktari huyu hapa kwenye simu. Bila pesa hawamtibu, na amesema nisikate!"

Alikuwa amebeba pesa ya maharage, ile tuliyoiweka ili yeye akatibiwe macho.

"Umeongea na Paulo mwenyewe?"

"Amevunjika taya, ataongeaje? Nipishe!"

"Umejuaje kuwa huyo ni daktari?"

"Si ameniita Mama Paulo! Angenijuaje?"

Hapo nikashtuka. Kwetu mama mtu mzima haitwi jina lake. Anaitwa kwa jina la mtoto, ndiyo heshima. Mama aliuza maharage sokoni, na siku nzima watu walimwita Mama Paulo kwa sauti. Namba yake alimpa kila mnunuzi aliyeiomba. Yeyote aliyesimama pale aliondoka na vyote viwili.

Nikachukua simu. "Daktari, muulize mgonjwa hata aandike: dume letu la kulimia tulikuwa tunaliitaje?"

"Mnapoteza muda, kijana anakufa!" akafoka, akakata.

Nikampigia Paulo kwa namba yake. Akapokea huku anatafuna.

"Unatafuna kwa taya gani?" mama akamuuliza, kisha akakaa chini pale pale barabarani, akalia.

Jirani mmoja akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mama, umekimbia kwa sababu unampenda mwanao. Hilo walilijua, ndiyo maana hawakukuacha upumue."

Mpaka leo simu ya mama ikilia nasimama kusikiliza. Wale watu hawajaacha. Leo ni daktari, kesho atakuwa ofisa au mjukuu aliyebadilisha namba. Lakini wote wanakuharakisha, na wote hawataki umwambie mtu. Na ukimcheka mzee wako, mwanangu, wakipiga tena atakuficha.

Mungu akutunzie wazee wako, na wewe akupe subira nao.

Sasa chukua simu yako, mpigie bibi. Chagueni pamoja swali moja ambalo jibu lake mtaani hawalijui. Umwambie kwamba mtu akimtaka atume pesa haraka, akate simu, kisha akupigie wewe kwa namba anayoijua.