Sauti ya Malkia wa Majivu

Waumini walimwita Mama Sauti, na hata mumewe alishazoea kumwita hivyo. Kila Jumapili ndiye aliyesoma masomo kanisani, na watu walisema akisoma yeye hata watoto wa mgongoni hunyamaza. Siku za kazi alikaa kwenye chumba kidogo kilichozibwa magodoro ukutani, hedifoni masikioni, akiwatilia sauti ya Kiswahili wahusika wa filamu za nje. Alishakuwa mke wa jambazi, alishakuwa daktari, alishakuwa mpaka mbwa. Kanisani hakuna aliyemuuliza kitu juu ya kazi hiyo.

Kisha akapewa Malkia wa Majivu. Filamu hiyo ilitokana na kitabu kinene cha mambo ya kubuni, kimejaa mazimwi na pete za ajabu, ambacho vijana wa mtaani waliazimana mpaka jalada likang'oka. Malkia alikuwa na maneno yake ya kuwarudishia wafu uhai. Mama Sauti aliyasema taratibu, kwa sauti ya chini kabisa.

"Dada, nywele zimenisimama!" fundi mitambo alisema nyuma ya kioo.

Filamu ilipokwisha kuenea, mchungaji alimwita ofisini.

"Kitabu nimekisoma," alimwambia. "Chote. Usije ukasema nahukumu nisichokijua."

"Sijasema kitu, Mchungaji."

"Kina utamu wake. Hapo ndipo hofu yangu." Akavua miwani. "Yule bibi wa nyumba ya kona tuliyemzika majuzi, mjukuu wake alikuwa naye peke yake alipokata roho. Hakuomba, mama. Alisimama kando ya kitanda akasema yale maneno ya malkia, kwa sauti yako, vilevile unavyoyasema. Tangu hapo chakula hakigusi. Nakuomba filamu hizo uziache."

Mama Sauti alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Alitazama tu vumbi lililokaa juu ya feni, akaaga.

Alipitiliza mpaka nyumba ya kona. Mama wa yule mjukuu alimfungulia, akamwonyesha chumba cha binti yake. Binti alikuwa amekaa sakafuni, sahani ya wali imepoa pembeni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikosea wapi?" binti aliuliza. "Niliyasema yote."

"Hukukosea. Yale maneno hayana kazi. Ni mimi, nimekaa kwenye kiti, nasoma karatasi. Tukimaliza tunaenda kula."

Binti alimgeukia. "Na ya kanisani? Bibi aliombewa, na wewe ndiye uliyesoma. Si karatasi pia?"

"Yale ni Maandiko."

"Lakini sauti ni ileile."

Kwa kazi yake Mama Sauti hakuwahi kukosa la kusema, maana siku zote kulikuwa na mtu aliyeshaliandika. Akaketi naye sakafuni. Wakakaa hivyo mpaka binti akamwegemea begani, na baadaye akavuta sahani, akala wali baridi, polepole, kama mgonjwa.

Wiki hiyohiyo Mama Sauti alimwambia mchungaji ampumzishe kusoma.

"Jamani, mimi sikusema uache kusoma! Nilisema filamu."

"Najua, Mchungaji. Lakini sauti ni ileile."

Mwalimu mmoja alichukua nafasi yake mimbarini, akawa anasoma mbiombio kama anayefukuzwa. Watu walinong'ona kwamba Mama Sauti ametengwa kwa sababu ya uchawi wa sinema. Hakuwasahihisha. Aliketi benchi la nyuma na familia ya nyumba ya kona, akaimba walipoimba, akasimama waliposimama.

"Inakuuma kutosoma?" mumewe alimuuliza jikoni.

"Sijui. Ni kama mguu uliokufa ganzi. Unajua upo, basi."

Sehemu ya pili ya filamu ilipoletwa, aliifanya. Safari hii malkia alichomwa moto, na Mama Sauti alipiga yowe ambalo fundi aliliridhia mara moja.

"Pumzika kidogo, dada."

Alikunywa maji, akavaa tena hedifoni.

"Lete karatasi nyingine," alisema.