Chupa Mbili za Nzi

Kazi yangu ni kuainisha nzi. Watu wa Mbeya wakiniuliza nafanya nini, mimi husema "niko kwenye utafiti" tukaishia hapo, maana nikitaja nzi wanaanza kuangalia sahani yangu. Lakini nzi wangu si wa jalalani. Ni wawindaji wadogo wa kijani kinachong'aa, miguu mirefu, ukubwa wa punje ya mchele. Wanashinda kwenye majani ya mpunga, wakila wadudu wanaoufyonza.

Msimu uliopita nilimwomba shangazi yangu, aliyehamia Ubaruku kutoka Usukumani kabla sijazaliwa, asipulizie dawa jaruba lake kubwa la mpunga, ili nzi wangu wasife. Majirani walicheka waziwazi: mtoto wa kaka yake atamlaza njaa. Shangazi alisema "haya," basi. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, kwa sababu jaruba lile ndilo linalolisha nyumba nzima.

Kila Jumamosi nilienda na wavu. Wiki ya tatu nikapata furaha ya kijinga: aina mbili! Mmoja ana kijibendera cheusi kwenye mguu wa mbele, mwingine mguu wake mtupu. Nikawatia kwenye chupa mbili, nikamwonyesha shangazi, kifua mbele.

"Hawa umewatenga kwa nini?"

"Ni aina mbili tofauti, shangazi."

Akanivuta hadi ukingoni mwa jaruba, tukachuchumaa. Juu ya jani, mwenye kijibendera alikuwa anampungia mguu yule mwingine, kulia, kushoto, kama bwana harusi anayejua anatazamwa. Mwenzake akatulia. Kisha wakapandana, mbele ya macho yangu yaliyosomeshwa miaka yote ile.

"Mwanangu, umewaachanisha mume na mke."

Nilicheka, halafu hofu ikanishika. Kwamba dume ndiye mwenye mapambo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Kama nimekosea hili, na mpunga je?

"Shangazi, piga dawa. Usinisikilize mimi."

"Wewe nilikusikiliza lini?" akasema. "Bomba la kupulizia niliazima siku ile ile uliyoniomba. Liko nyuma ya mlango, na dawa yake. Kila asubuhi nakuja hapa kuangalia kama nilitumie. Nawakuta hawa wanakamata vile vidudu vinavyonyonya mpunga, nasema ngoja kesho. Kesho nayo hivyo hivyo."

Tulivuna vizuri tu, na bomba likarudi kwa mwenyewe likiwa kavu.

Kila mdudu kwenye masanduku yetu kazini huwekewa kikaratasi: alikopatikana, nani alimkamata, nani alimtambua. Nzi wale sasa wako pamoja, dume na jike. Kwenye nafasi ya aliyekamata nimeandika jina langu. Kwenye nafasi ya aliyetambua nimeandika la shangazi.